Kura Yangu Ukutani

Samahani kwa mwandiko mbaya na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba.

Kikundi chetu hapa Bunda kimo kwenye mtandao wa blokcheni, ule ambao kumbukumbu zake zinatunzwa na wanachama wote kwenye simu zao. Hauna bosi, kwa hiyo kila programu mpya tunaipigia kura. Hii ya juzi aliipendekeza shangazi, anayenilea kwake Kabasa. Mbele yake nilisema, "Safi sana, shangazi." Kwenye simu nikachagua Hapana, na penye sababu nikaandika, "Anajifanyaga msomi." Nilidhani ni siri, kama kura ya mwenyekiti wa mtaa.

Leo mkutanoni kura zote zikamulikwa ukutani, kila jina na sababu yake. Shangazi akasoma polepole, akanigeukia.

"Mwanangu, mbona ile 'safi sana' siioni?"

Nipo stendi, naogopa kurudi nyumbani. Nifanyeje? Naomba mniandikie.