Mama Kincaid wa Hema Jekundu

Kazi ya Rhonda Kincaid ilikuwa kuwatundika kuku kwenye kulabu wakiwa hai, miguu juu vichwa chini, katika kiwanda cha kuchinjia huko kaskazini mwa Alabama. Kuku hafi kimya. Walimparura mikono, wakamdonoa, wakamnyea usoni, naye akatundika tu, miaka nenda miaka rudi. Alianza kabla mumewe hajafa, na alikuwa bado akitundika kuku wakati watoto wake wawili, Garrett na Shelby, walipopata nafasi kwenye chuo cha mji wa Tarrow.

Siku alipompeleka Garrett, Tarrow ilimwingia moyoni, haikutoka tena. Kule kwao watu walimjua kwa harufu ya kuku. Huko Tarrow, wasichana wa mkahawani walimwita "mama" na kumwekea mkate wa mdalasini wenye ukoko, kwa sababu ndio aliokuwa akiupenda. Kila Jumamosi ya mechi, nje ya uwanja, alisimamisha hema jekundu, akachoma mbavu za nguruwe tangu asubuhi na kulisha yeyote aliyevaa jezi ya Fahali, timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi na kuangushana. Vijana wasiomhusu walimkumbatia. Naye ndiye aliyewatungia wimbo wa kuwapokea watani wao, Mwewe wa Denby:

"Damu ya Denby, tupigie deki!"

Aliuimba akicheka, mwiko mkononi. Jukwaa zima likaushika.

Jumamosi moja ya Novemba Denby wakaja. Katikati ya mahema akapita mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya kijani ya Denby, jina lake Leland Osgood, akimtafuta binti yake aliyesoma chuo cha Denby.

"Babu!" Rhonda akampigia kelele. "Hebu lete hiyo kofia, nina sufuria sijasugua!"

"Ngoja jioni, bibie," mzee akajibu. "Utaiomba ufutie machozi."

Watu wakaangua kicheko. Rhonda akamkatia ubavu mnene, mzee akaula amesimama, mafuta yakimtiririka kidevuni, akashukuru kwa kugusa ukingo wa kofia.

Mechi ilikuwa ya kuuana. Tangu mwanzo wachezaji waligongana vifua hadi mlio ukasikika juu majukwaani. Beki mmoja wa Denby alitolewa akitapika. Kisha kijana wa Fahali aliyekuwa akikimbia na mpira akaangukiwa na watu watatu, na walipoinuka, mguu wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Uwanja ukanyamaza. Halafu ukalipuka. "Mvunjeni! Na wao wavunjeni!" Rhonda alisimama juu ya benchi, mishipa ya shingo imemtoka, akaanzisha wimbo wake, na safari hii hakuwa akicheka.

Denby walishinda kwa mkwaju wa mwisho kabisa.

Jua halijazama bado watu walipomwagika kwenye maegesho, bia kichwani na hasira kifuani. Rhonda alikuwa anakunja hema aliposikia wimbo. "Damu ya Denby, tupigie deki!" Ulikuwa unaimbwa kwa pumzi fupi fupi, kama watu wanaopasua kuni. Akaenda kutazama.

Vijana watano au sita walikuwa wamezunguka kitu kilichokuwa chini. Kofia ya kijani ilikuwa imekanyagwa kando. Mzee Osgood alikuwa amejikunja, mikono kichwani, na mateke yanamwingia kila upande. Aliyekuwa akipiga kwa nguvu kuliko wote alimpa Rhonda mgongo. Jaketi lake lilikuwa na kiraka begani, nyuzi nyekundu. Rhonda alikitia kiraka kile kwa mkono wake.

"Garrett!"

Hakusikia. Rhonda akawasukuma, akamvuta mmoja kwa nywele, akamng'ata mwingine mkono mpaka akaonja damu, akajitupa juu ya mzee. Teke lililokuwa limekwisha ondoka halikuweza kurudi. Lilimkuta tayani. Alisikia mfupa ukikatika ndani ya sikio lake mwenyewe.

Wenzake wakatimka. Garrett alibaki amesimama, buti lina damu, mdomo wazi.

"Mama? Mama, sikukuona!"

"Yeye ulimwona," Rhonda alitaka kusema. Kilichotoka ni meno mawili.

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Mzee Osgood alilazwa ghorofa ya juu yake, na jicho la kushoto halikuokolewa. Polisi walikuja wakauliza nani alikuwepo. Rhonda akafumba macho, akajifanya amelala. Shelby akalia dirishani. Polisi walipotoka, Garrett aliingia, akakaa kitandani kwa mama yake.

"Nenda," Rhonda akasema kati ya meno.

"Wapi?"

"Unapajua."

"Watanifunga, Mama."

"Watakufunga."

Kijana akainuka, uso umemwiva. "Na huo wimbo nani alitufundisha? Si wewe? Si ulikuwa unautia chumvi kila Jumamosi, watu wanakupigia makofi?"

Shelby akasema, "Nyamaza, Garrett!" Lakini Rhonda aliteremsha miguu sakafuni, akatafuta viatu.

"Mimi," akasema. "Ndiyo maana twende wote."

Alimshika mkono kuanzia wodini hadi kituo cha polisi, na alipomsikia akieleza kila kitu, hata jinsi alivyomkanyaga mzee vidole, hakumwachia. Garrett alihukumiwa kifungo cha mwaka na nusu, na chuo kikamfukuza.

Rhonda alipofunguliwa waya alikwenda nyumbani kwa mzee Osgood. Binti yake alifungua mlango nusu.

"Baba hataki kukuona."

"Mwambie..."

"Hataki, mama. Nenda zako." Mlango ukafungwa.

Vuli iliyofuata Shelby alikuwa mwaka wake wa mwisho. Rhonda alirudi Tarrow bila hema. Wasichana wa mkahawani walimpa mkate wake, wakimtazama pembeni. Uwanjani aliketi karibu na binti yake, mikono imebanwa magotini. Wimbo wake ulipoanza upande wa pili wa jukwaa alipaza sauti, "Acheni huo!" Wachache wakageuka. Walikuwa wapya chuoni, hawakumjua. Wakaendelea kuimba.

Kisha beki wa Fahali akamvaa mpinzani kifuani, akamnyanyua na kumbwaga chali, kofia yake ngumu ikamruka. Kishindo kikapanda jukwaani hadi miguuni mwao. Na Rhonda akajikuta amesimama, ngumi juu, anapiga ukelele pamoja na maelfu ya watu, taya ikimchoma kama moto.

Shelby akamvuta sketi. "Mama. Tuondoke?"

Rhonda akaketi. Chini, yule kijana wa timu ngeni alikuwa hajainuka bado.

"Hapana," akasema. "Ngoja kwanza tuone kama anainuka."