Chai ya Wambeti Iliyokataliwa Hamburg

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya Kibugu, Embu, na Wambeti Njura ameshainamia meza yake. Anaviringisha majani ya chai kwa viganja, taratibu, mpaka yananata vidoleni.

Majirani zake wengi hupeleka majani kiwandani. Wambeti aliamua kuyasindika mwenyewe baada ya semina ya wakulima. Mfanyabiashara kutoka Hamburg, Ujerumani, alionja chai yake kwenye maonyesho, akaagiza kilo arobaini.

Ulikuwa mwezi wa Julai, jua halionekani. Wambeti aliyakausha majani kando ya meko, yakiwemo ya majirani wachache waliomwamini wakampa yao. Mzigo ulifika Hamburg, ukakataliwa. Chai ilinuka moshi.

"Nilipika iliyobaki, nikanusa, sikusikia kitu," anasema. "Mume wangu pia. Ndipo nikaelewa sisi tumeishi na moshi mpaka pua zetu zimeuzoea."

Angeweza kuwaambia majirani kwamba mzigo umekwama bandarini. Badala yake aliwaita, akawamiminia chai ile ile na kuwaeleza yote. Mmoja wao, Mama Kanini, aliweka kikombe chini, akasema yeye anarudi kiwandani. Wambeti hamlaumu hadi leo. Waliobaki wakauliza sasa itakuwaje.

Njue, mumewe, ni seremala. Alitengeneza kabati la kukaushia lenye trei za wavu, moto ukiwa nje na joto likipita kwenye bomba. Majani ya kwanza yaliungua. Yaliyofuata yakaota ukungu. Wambeti anakiri kwamba wiki hizo alikuwa akikwepa macho ya watu kanisani.

Tatizo la pua lilibaki. Akamkumbuka rafiki yake Susan, mwalimu anayeishi mtaa wa Dallas, mjini Embu, na ambaye hupikia gesi. Kila chai mpya ilipelekwa kwake. Mara nyingi Susan alitikisa kichwa tu. Siku moja alimaliza kikombe, akaomba kingine.

"Mama Muchangi," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe, "hii sasa ni majani tu."

Mwaka huu Hamburg imepokea mzigo na kuagiza mwingine. Lakini huko chai inauzwa kwa jina la duka. Njue anaona washukuru Mungu kwa walichopata. Wambeti anashukuru, ila ameanza kuulizia wachapishaji wa pakiti zenye jina lao wenyewe.

"Chai yetu inanywewa huko ikiwa kama mtoto asiye na jina," anasema. "Nataka mtu ainywe, halafu aulize: Kibugu ni wapi?"