Mume wa Phanice

Nyanchama wa Nyacheki hajawahi kuogopa karatasi. Mvua ya mawe anaiogopa, maana inachana majani ya chai, na Mungu anamwogopa, hasa siku ya Sabato. Lakini karatasi? Wapi! Zote huzitunza ndani ya mfuko wa plastiki, na Jumanne ile alizibeba zote hadi Kisii mjini, akiamini kwamba mwenye karatasi nyingi harudishwi ofisini. Imani nyingine, jamani.

Aliongozana na Phanice, mkewe, na Celestine, msichana wa miaka kumi.

Usishtuke. Nimesema mkewe, na sijakosea. Nyanchama aliolewa na Machogu, wakakaa miaka ishirini bila mtoto, kisha Machogu akafariki mwaka wa 2001 na kumwachia ekari mbili za chai na boma kimya. Kwa Wakisii jambo hilo lina dawa yake tangu zamani: mjane mwenye ng'ombe huoa. Nyanchama alipeleka ng'ombe sita kwao Phanice mbele ya wazee, akamleta nyumbani azae watoto kwa jina la Machogu. Damu ya Celestine ilitoka kwa nani, hilo haliulizwi, na anayeuliza hakulelewa. Ukoo mzima ulikubali, isipokuwa Ongeri, mtoto wa kaka yake Machogu, ambaye alikuwa ameshaipima ile chai kwa macho. Mpaka leo anangoja apate sababu ya kusema Phanice ni mpita njia tu, na bintiye vivyo hivyo.

Sasa Celestine alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alipasuliwa India akiwa mdogo, na madaktari wakasema atarudishwa akikua. Amekua. Akipanda mlima wa kutoka kisimani midomo inageuka rangi ya zambarau, na hospitali ya huko India ilikuwa imempa tarehe, wiki sita zijazo. Ila pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda. Bila pasipoti hakuna viza, na tarehe ile ikipita, daktari alisema wazi kwamba hawezi kuahidi nyingine. Miadi yao kwenye ofisi ya pasipoti ilikuwa siku hiyo, saa nane mchana. Wakiikosa, nafasi ya karibu ilikuwa mwezi unaofuata.

Asubuhi walipitia kwa Apondi, binti wa Homa Bay mwenye duka la kompyuta, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu fomu. Apondi alizipanga karatasi mezani moja moja: pasipoti ya zamani na nakala yake, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho, picha. Zote sawa. Kisha akafika kwenye barua ya chifu, ambayo Nyanchama aliifuata mara tatu mpaka akaipata, nayo ilisema Phanice ni mke wa marehemu Machogu. Chini yake palikuwa na cheti cha kifo cha Machogu. Hakuna aliyemwomba cheti hicho. Alikileta kwa wingi wa bidii.

Apondi alisoma, akarudia kusoma. Halafu akaeleza polepole, kwa heshima, kwamba kwenye cheti cha kuzaliwa nafasi ya baba ina vistari vitupu, na huyu mume wa kwenye barua alifariki miaka kumi na minne kabla mtoto hajazaliwa. Nyanchama akamjibu kwamba hilo linajulikana Nyacheki nzima, na kwamba mara ya kwanza barua ya chifu peke yake ilitosha. Apondi akasema siku hizi haitoshi. Zikiingia pamoja, karatasi hizi zitaulizwa maswali mpaka mtoto aote mvi. Njia iliyobaki ilikuwa moja: Phanice aape mbele ya wakili kwamba ndiye mzazi pekee, na kwamba hajaolewa.

Nyanchama alikasirika. Ng'ombe sita, wazee wanane, miaka kumi na miwili ya kula chungu kimoja, leo viitwe si kitu! Lakini saa ya ukutani haikuwa na habari na ng'ombe wake. Ilikuwa saa tano na nusu.

Wakili Ogoti alikuwa na wateja watano kabla yao, na zamu yao ilipofika ilikuwa imeingia saa saba. Ogoti ni Mkisii, na nyanya yake mwenyewe alioa vivyo hivyo. Alisema mahakama zinaijua ndoa ya namna hii, ila kuithibitisha ni kesi, na kesi ni miezi. Hivyo akapiga chapa, akasoma kwa sauti: mimi Phanice naapa kwamba sijaolewa, wala sijawahi kuolewa, kwa sheria yoyote wala mila yoyote.

Nyanchama aliomba neno mila litolewe. Ogoti akatikisa kichwa. Likitolewa, alisema, watauliza ni mila gani, na mtarudi palepale kwa Machogu.

Phanice alikuwa ameishika kalamu. Akaiweka chini.

"Mama," akasema, "nikiweka sahihi hapa, mimi ni nani pale nyumbani?"

"Ni mke wangu."

"Na Ongeri akiipata hii?"

Nyanchama aliitazama ile karatasi. Alijua kiapo ni kiapo. Karatasi hii ikimfikia Ongeri, hatahitaji shahidi mwingine: mwanamke mwenyewe ameapa kwamba hakuolewa, basi chai ya Machogu ina mwenyewe gani? Na mbele za Mungu pia ilikuwa uongo, tena uongo anaomwamuru mwingine aseme. Aliogopa, na ilimuuma kuogopa. Akamtazama Celestine, aliyelala kwenye benchi huku akihema kwa mdomo.

"Ongeri nitapambana naye mtoto akiwa hai," akasema. "Weka sahihi."

Phanice akaweka, na machozi yakamtoka, na Ogoti akagonga muhuri bila kuwatazama. Nyanchama akaichukua barua ya chifu pamoja na cheti cha kifo, akavikunja, akavificha ndani ya nguo yake kifuani.

Waliingia ofisi ya pasipoti zikiwa zimebaki dakika nne. Afisa aliyewapokea dirishani aliitwa Oketch, mtu mpole, mwenye macho yasiyo na haraka. Alisoma kiapo chote, mstari kwa mstari. Akalinganisha cheti cha kuzaliwa na pasipoti ya zamani, akaangalia picha, akamwangalia mtoto. Kila kitu kilikuwa safi. Kisha akamtazama Nyanchama, aliyesimama nyuma yao amemshika Celestine mkono, akamwuliza Phanice huyu mama mzee ni nani wao.

Swali la adabu tu, pengine. Lakini Phanice alifungua mdomo na neno halikutoka, maana mwanamke ambaye hajawahi kuolewa hana mama mkwe, sembuse mume aliyevaa kitambaa kichwani. Oketch alisubiri. Kalamu yake ilikuwa juu ya fomu, haijaandika.

"Mimi ni jirani," akasema Nyanchama. "Nimewasindikiza tu."

Oketch akaitika, akaandika, akasema mtoto na mzazi wake waingie chumba cha ndani kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Jirani, samahani mama, angoje nje.

Phanice akatangulia. Celestine hakusogea. Aliung'ang'ania mkono wa Nyanchama, akamwita "Magokoro," yaani nyanya, kama anavyomwita kila siku, na Oketch akainua kichwa.

Nyanchama akavibandua vile vidole kimoja baada ya kingine.

"Nenda na mama yako," akamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi dirishani. "Nenda, mtoto wa watu."

Kisha akatoka nje.