Hodi ya Mlimani

Juzi mwanangu alinipigia simu kutoka mlima wa Jabal Shams. Yeye na wenzake walitoka hapa Hail, pwani, alfajiri kwenda kutazama theluji, ramani ya simu ikawapitisha njia ya nyuma wasiyoijua, gari likakwama.

Njia za kule nazijua, mwenzangu. Nilipokuwa mdogo baba alitupakia garini kwenda kuiona theluji hiyo hiyo, bibi mbele na chupa yake ya chai, sisi nyuma tukinuka sambusa. Barabara ilikuwa kokoto tupu. Kwenye njia panda alisimama mchunga mbuzi, na baba akampita bila kumuuliza. Tulikuwa tumerudi nchi ya mababu kutoka Unguja, na Kiarabu chake kilikuwa kimeshachekwa sana kazini. Aliona bora kupotea.

Basi tukapotea. Theluji ikaanza kuanguka, magurudumu yakazunguka bure, na bibi, mwenye pumu, akawa anavuta pumzi kwa shida. Niliogopa asitufie pale. Juu kidogo palikuwa na nyumba ya mawe, inafuka moshi.

"Nenda kabishe hodi, mwanangu," bibi akamwambia baba. "Mie nna baridi. Watacheka, watanyamaza."

Baba akaenda. Mwenye nyumba alikuja mwenyewe akamshika bibi mkono, akamweka karibu na moto. Halafu, kwa desturi ya kule, hakutuuliza tuna shida gani. Alileta tende na kahawa, akamuuliza baba khabari za watu, za njia, za mvua. Mgeni lazima ajibu. Baba akajibu zote kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, jasho linamtoka na baridi yote ile. Hakuna aliyecheka. Bibi akalala pale akipumua vizuri, na asubuhi wenyeji wakatusukumia gari.

Nilimuuliza mwanangu kama pana nyumba karibu.

"Ipo, Mama, naiona. Lakini watu wenyewe siwajui. Tumeshawatumia watu wa gari la kuvuta mahali tulipo, watakuja kututoa."

Wakajifungia garini wakitetemeka mpaka gari la kuwavuta likafika. Amerudi salama, alhamdulillahi, nami nimebaki na uchovu usioisha kwa usingizi. Amezaliwa hapa, Kiarabu chake hakuna wa kukicheka, na mlango ule hakuubisha.