Mguu wa Kushoto

Jirani wa ghorofa ya juu, yule muuguzi, hakuacha mbio hata Korona ilipotufungia humu Bankstown ughaibuni. Mbio zake ni za kupanda milima na kusaka alama porini kwa ramani na dira. Sasa milima iko mbali na polisi wako karibu, basi akitoka kazini asubuhi, usingizi umemjaa machoni, hupanda na kushuka kile kilima cha nyasi nyuma ya nyumba zetu, ramani mkononi, kana kwamba kinaweza kumpoteza. Kifundo cha mguu wa kushoto kilishateguka. Amekifunga kwa kipande cha leso, na ngazi anazipanda akichechemea. Lakini akifika mlangoni kwake husimama, akavuta pumzi, akaingia wima kama askari. Mumewe alishaapa: "Nikikuona unachechemea tena, hivyo viatu natupa. Watoto nani atawabeba?"

Jumamosi mlango ulikuwa wazi. Mutua, kitinda mimba wake aliyeanza kutembea juzijuzi, akaja kumlaki mama yake akiburuta mguu wa kushoto, na mtoto ni mzima kabisa. Baba mtu akacheka, kisha kicheko kikamkatika.

"Wee mama, huyu amefunzwa na nani?"

Dada yake Mutua akajibu kwa hicho Kiingereza chao kwamba ndivyo Mama anavyopanda ngazi.

Jirani alikaa palepale kizingitini, akavua viatu, akamnyooshea mumewe. Mume akaviweka kando, akapiga goti, akaanza kuifungua ile leso. Kabla fundo halijalegea, mkewe alishasinzia, kichwa ukutani.