Nilichoma majani ya shamba zima kufukuza panya, nikawaingiza stoo kwenye mbegu

Wakuu, habari za mchana. Hili limenikuta mwenyewe hapa kwetu Mpemba, siongezi wala sipunguzi. Mpaka leo sijakaa sawa.

Nina shamba nyuma ya nyumba na stoo pembeni. Ndani kulikuwa na magunia mawili ya maharage ya mbegu, moja juu ya jingine kando ya ukuta, yakisubiri mvua. Sikuwa na mbegu nyingine, na tunaishi kwa shamba hilo.

Nikaanza kusikia panya darini mle stoo. Mimi na ujuaji wangu nikaamua kumaliza maficho yao. Nikafyeka majani yote kuzunguka shamba, nikachoma.

Mke wangu alinionya, "Baba Neema, wa darini hawakai majanini." Nikamjibu panya ni panya tu. Nikatega mitego katikati ya stoo, nikaenda zangu Mlowo.

Siku ya tatu nafungua mlango, saa sita mchana, jua kali. Wakuu, nilipiga yowe!

Panya wenye mistari mgongoni, wale wa porini, wanakimbizana pembeni mwa sakafu mchana kweupe. Gunia la chini limetobolewa. La juu nalo limetafunwa. Mitego mitupu.

Mama Neema amekulia Momba, kaka zake walikuwa wanawinda panya wa kula (msigune, ni watamu). Akamwaga majivu sakafuni, mengine juu ya magunia. Kesho yake tukakagua nyayo.

Hapo nilishtuka upya. Wa mistari wanapita kandokando ya ukuta tu, hawapandi. Wa darini wanashukia gunia la juu na kurudi, chini hawagusi. Katikati hapiti yeyote. Chumba cha hatua nne, wamegawana kama wapangaji!

"Hao wa chini ulikuwa nao shambani siku zote," akasema. "Umewachomea kwao, ulitaka waende wapi?"

Nikahamishia mitego ukutani na kwenye boriti, ikanasa. Ila mbegu zilishakuwa makapi na mavi ya panya. Nililia, sioni aibu kusema.

Ndipo akaniambia siku ile nachoma majani alichota debe mbili za mbegu, akazipeleka kwa dada yake Vwawa. Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenikatalia."

Na kweli, ningemkatalia. Mwaka huu tutapanda hizo debe mbili tu, na ni za kwake.

Nilichojifunza: mimi niliangalia shamba zima nikaona panya. Ilibidi niiname niangalie nani anapita wapi. Na nimsikilize aliyeinama kabla yangu.

Nyie huko panya wenu wanakaa wapi? Na kama ulishawahi kumpuuza mkeo yakakukuta, njoo ukiri hapa, nisiaibike peke yangu.