Sauti Iliyoshusha Kamba

Odilia Wenceslaus Mapunda, binti wa Wenceslaus aliyeletwa Kilosa kutoka Songea kama manamba akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma, mjukuu wa Costancia aliyewazalisha wanawake wa kambini kwa mwanga wa kibatari. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafikisha chini marehemu wa mtaa wetu, wakubwa kwa wadogo, na mikononi mwake halikuinama jeneza hata moja. Naandika habari zake kwa sababu tulikaa dawati moja shuleni, na sijamwona mwingine aliyeziandika.

Kazi yake ilikuwa hivi. Jeneza likifikishwa kaburini, wanaume hushika kamba, wengine kichwani, wengine miguuni. Watu wamejaa, vumbi, vilio, na kila mshika kamba ana mwendo wake. Basi Odilia huimba peke yake. Sauti ikishuka, wanalegeza. Ikipanda, wanakaza. Mwisho kabisa sauti hushuka mpaka inabaki midomo tu, na hapo ndipo jeneza linapogusa udongo. Mwaka mmoja alikuwa Songea kwa ndugu zake, kwaya nzima ikaimba kwa nguvu, na Simoni fundi baiskeli, mshika kamba ya miguuni, akawatangulia wenzake. Marehemu aliingia kaburini kama mtu aliyesimama. Mjane wake hajatusamehe mpaka leo.

Mimi ni Mwislamu, na kwetu wanawake hatufuati jeneza makaburini. Wakizika wenzetu, nilisimama barabarani nikisikiliza. Kwa sauti ile tu nilijua jeneza limefika wapi.

Miaka ile mashamba ya mkonge yalikuwa yamekwisha kuuzwa kwa watu binafsi, na kila kona mtu amefungua banda lake la biashara. Ndipo tezi la shingo la Odilia lilipoanza kumkaba. Daktari wa Mikumi alimwambia lazima apasuliwe, wala hakumficha: sauti inaweza isirudi. Na mrithi hakuwepo. Magreti, mtoto wa mdogo wake, muuza wali pale stendi ya Dumila, maneno ya wimbo aliyajua. Kushuka ndiko asikokujua. Basi Odilia akaamua sauti irekodiwe kabla ya kisu, Magreti apate cha kujifunzia.

Siku ya kulazwa tulikwenda Mikumi sisi watatu. Kando ya barabara kuu kijana Hezekia alikuwa na chumba, kuta amezibandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Asubuhi watu walipiga simu za Ulaya kwa kompyuta yake, mchana alirekodi kwaya.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Umeme upo?" aliuliza Odilia.

"Upo mpaka saa kumi, mama. Mgao."

"Basi tuko sawa. Na mimi wodini wananitaka saa kumi."

Akaimba. Hezekia akaturudishia tusikilize. Mwanzo ulikuwa mzuri. Lakini pale sauti ilipotakiwa kushuka, ilitoka nene vilevile, na pale mwisho, penye midomo tu, yakanguruma malori ya Zambia kana kwamba yanapita katikati ya chumba.

"Safi sana, mama," alisema Hezekia. "Kila neno linasikika."

Odilia alinitazama mimi. "Joha, liko wapi?"

"Juu," nikasema. "Halijashuka hata shubiri."

"Ni nini hicho kisichoshuka?" Hezekia akauliza, na Magreti akamweleza. Kijana akaishusha kwa mkono wake alama ya nguvu ya kipaza sauti kwenye kioo cha kompyuta mpaka nusu, akasema turudie.

Odilia akarudia. Yakawa yaleyale. Safari hii sauti ilikuwa na mkwaruzo, akanywa maji ya moto ameshika shingo.

"Mama mkubwa, inatosha," alisema Magreti. "Nitakisia."

"Utakisia? Ukimtupa mtu wa watu utamwambia mjane ulikisia?"

Hezekia akamwomba aimbe kipande cha kushuka tu, kidogo, huku yeye akikodolea macho kioo. Odilia alipopunguza sauti, ile alama aliyoiweka nusu ikaanza kupanda. Mkono wa Hezekia ulikuwa gotini, haujagusa kitu. Odilia akainua sauti, alama ikashuka.

"Haa. Ni programu ya simu hii," akasema. "Mtu akinong'ona, inampandishia ili Ulaya wamsikie. Akipayuka, inampunguzia. Nilifunga dirisha lake, kumbe bado iko ndani inafanya kazi."

"Iambie imwache mtu anong'one," alisema Odilia.

Hezekia akaifungua programu ile, akatafuta penye mipangilio ya kipaza sauti. Palikuwa na alama ya vema: programu imeruhusiwa kurekebisha sauti yenyewe. Akaiondoa, akahifadhi. Akaingia na kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta yenyewe, akakuta vema nyingine ya kuongeza nguvu ya kipaza sauti, nayo akaiondoa. Akarudisha alama nusu.

"Sema kwa nguvu, mama. Haya, sasa polepole."

Alama haikutikisika. Lakini saa ya ukutani ilikuwa inakimbilia kumi.

"Nimebakiwa na sauti ya mara moja," alisema Odilia. "Zima hilo feni."

Tukangoja lori lipite. Akaimba. Alipofika chini kabisa nilimwona Magreti amefumba macho, vidole vyake vinalegea kimoja kimoja kama ameshika kamba. Hezekia akahifadhi, akaturudishia, nami nikageukia ukuta nisikilize nilivyozoea, bila kuona.

"Joha?"

"Limefika," nikasema.

Hezekia alichoma CD mbio, na haikupita muda umeme ukakatika. Tuliitazama ile CD mkononi mwake. Odilia akaichukua, akampa Magreti. Sasa alizungumza kwa shida.

"Mazishi yajayo ni yako."

"Na wewe ukitoka salama?"

"Nikitoka salama nitasimama barabarani na Joha, nisikilize unafika au hufiki. Nisipotoka, utaanza na mimi. Kamba ya miguuni atashika Simoni, na Simoni ana haraka. Wengine waache. Mwimbie yeye."